Kidukari wa Sindano za Paini: Namna ya Kumtambua Hadi Jina Lake

Mzee jirani yangu, hapa upande wa Mafinga, alikuja asubuhi na tawi la paini ndani ya mfuko wa mkate, limefungwa fundo juu. "Kamwene," akasalimu. Nikaitikia, na kabla sijamvutia kigoda akaanza: "Mwanangu, nitazamie hili. Shamba linageuka njano. Mmoja ananiambia ukungu, mwingine ananiambia ardhi imechoka." Nikalitoa tawi, nikapitisha macho sindano moja moja. Hakuna kitu. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo kukubaliana na yule wa ardhi, ndipo nikaukung'uta ule mfuko mtupu juu ya karatasi nyeupe. Kikadondoka kitu kama vumbi la majivu. Halafu lile vumbi likaanza kukimbia.

Huyo ndiye mdudu wa mwongozo huu: kidukari wa sindano za paini, ambaye wataalamu wanamwita Eulachnus rileyi. Ni ndugu wa wadudu mafuta wanaojaa kwenye sukuma wiki na maharage, ila tabia zake ziko mbali na zao, na aliyezoea wale wa bustanini anaweza kumpita huyu mara kumi asimwone. Kidukari wa paini hutambuliwa akiwa bado mtini. Amekaa sehemu gani ya mti, amekaa peke yake au kwa kundi, na anafanya nini ukimgusa: hayo yanakusogeza kwenye jina kuliko rangi yake, na yote yanapotea dakika ile unapokata tawi na kulitia mfukoni.

Vifaa si vingi. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 (ya mara 20 ni bora, lakini inachosha jicho), kitambaa cheupe au foronya ya mto, fimbo, brashi nyembamba ya kuchorea, chupa ndogo zenye kifuniko kinachobana, spiriti, penseli na karatasi. Simu yenye kamera nzuri itasaidia.

Wajue washukiwa kabla hujaingia shambani

Kuna jambo moja linalorahisisha kazi hii kwetu kuliko kwa wenzetu wa Ulaya: paini ni mgeni huku. Pinus patula iliyojaa Mufindi na Njombe asili yake ni milima ya Meksiko. Pinus elliottii imetoka kusini-mashariki mwa Marekani, na Pinus caribaea imetoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Miti ilikuja kwa mbegu, na mbegu haibebi vidukari, kwa hiyo maadui wengi wa paini walibaki kwao. Waliotufuata ni wachache, na ukiwajua hao umekwisha punguza kazi zaidi ya nusu.

Wa kwanza ni huyu Eulachnus rileyi. Asili yake ni Ulaya. Aliripotiwa kusini mwa Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akasambaa hadi Afrika Mashariki.

Wa pili ni kidukari sufi wa paini, Pineus boerneri, anayejifunika nyuzi nyeupe kama pamba. Huyu alionekana Zimbabwe mwaka 1962 na Kenya mwaka 1968, akiwa amekuja na vitawi vya paini vilivyoletwa kutoka Australia kwa ajili ya kuunganishia miche. Kwenye maandishi ya zamani utamkuta akiitwa Pineus pini, kwa hiyo usidhani ni mdudu mwingine aliyepotea baadaye. Kwa ukali wa maneno huyu si kidukari halisi, ni binamu wa vidukari, na nitakuonyesha tofauti hiyo inavyoonekana kwa lenzi.

Wa tatu ni jamii ya Cinara, vidukari wakubwa weusi au wa kahawia wanaokaa kwenye gome na vitawi. Anayejulikana sana kwetu ni yule aliyechoma misaipresi, Cinara cupressivora: Malawi walimkuta mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa amefika Kenya. Lakini huyo ni wa msaipresi, haishi kwenye paini. Afrika Kusini wanaye Cinara cronartii, aliyegundulika kwao miaka ya 1970, na huyo ni wa paini hasa. Ukimkuta kidukari mkubwa mweusi kwenye gome la paini, hiyo ni habari ya kuwafikia wataalamu haraka.

Hatua ya 1: Hakikisha ni paini, na ni paini gani

Usicheke. Nimewahi kuelekezwa kwa simu kwenye "shamba la paini lenye wadudu" nikakuta ua wa misaipresi. Saipresi haina sindano. Ina vijigamba vidogo vilivyolaliana kama kamba iliyosukwa. Paini ina sindano ndefu zinazotoka pamoja kwenye kikonyo kimoja chenye ganda jembamba chini. Chomoa kikonyo, zihesabu.

Pinus patula huwa na sindano 3, mara nyingine 4 au 5, laini, zinazoning'inia kama nywele zilizotoka kuoshwa. Gome lake la juu ni jekundu, linabanduka kama karatasi. Pinus elliottii ina sindano ngumu zaidi, na kwenye mti uleule utakuta vikonyo vya 2 na vya 3. Pinus caribaea huwa na 3 kwa kawaida. Kama huna uhakika, chukua kikonyo kizima na koni moja, viende pamoja na wadudu. Asiyejua mti gani hana la kumwambia mtaalamu atakapoulizwa, na swali hilo ndilo la kwanza kuulizwa.

Hatua ya 2: Tazama bila kugusa

Nenda asubuhi, jua likiwa bado pole. Siku moja baada ya mvua kubwa usijisumbue: mvua huwaangusha, utakuta mti mtupu na utajidanganya kwamba ni salama.

Chagua tawi la usawa wa kifua. Usilivute, usilishike. Jongeza uso, simama upande ambao mwanga unapita nyuma ya sindano, na anza na sindano zilizokomaa, zile za msimu uliopita, si chipukizi la ncha. Eulachnus hupenda sindano za zamani kuliko changa. Hapo ndipo wengi hukosea: wamezoea kwamba wadudu mafuta hukimbilia majani machanga, basi wanakagua ncha tu na kuondoka.

Unachotafuta ni kitu chembamba kilicholala kwa urefu wa sindano, kimebana kama sehemu ya sindano yenyewe. Urefu wake ni milimita 2 hadi 2.5. Haufiki mbegu ya ufuta, na wembamba wake ni kama nusu ya mbegu hiyo. Umbo lake limechongoka mbele na nyuma. Hutakuta kundi. Atakuwa mmoja hapa, mwingine sindano ya tatu, wawili pale wakiwa wameachana. Ukiona wadudu wamebanana kama watu wanaosubiri daladala, huyo si Eulachnus.

Kabla hujafanya lolote lingine, pitisha macho sehemu nyingine tatu za tawi hilohilo: chini kabisa ya sindano zinapoungana na kitawi, shina la chipukizi, na gome la kitawi kikubwa. Andika ulichokuta na mahali ulipokikuta. Nasema andika, kwa sababu ukifika nyumbani utakuwa umesahau kama ile sufi ilikuwa kwenye sindano au kwenye kitawi, na tofauti hiyo ni tofauti ya spishi.

Hatua ya 3: Mguse

Chukua unyasi mkavu, mguse mdudu taratibu kwa nyuma.

Eulachnus atakimbia. Sisemi atasogea, nasema atakimbia: atapanda sindano kwa kasi, azunguke upande wa pili akufiche mwili, na ukimfuata hujiachia akaanguka. Miongoni mwa vidukari hii ni tabia ya ajabu, maana wengi wao wamechomeka mdomo kwenye mmea na hawang'oki kirahisi. Ndiyo maana tawi la mzee lilikuwa tupu. Fundo, mtikisiko wa njia, joto la mfuko, vyote vilikuwa vimewaangusha chini.

Pineus hatikisiki. Unaweza kumchokoa mpaka uchoke, amejifunika sufi yake na mdomo wake umezama kwenye gome. Wa jamii ya Cinara watasogea, lakini kwa uzito, kundi zima likijongea kama ng'ombe waliosumbuliwa na inzi, wengine wakirusha miguu ya nyuma. Mara nyingi utawakuta na siafu wadogo au sisimizi wakiwazunguka kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa. Sisimizi wanaopanda na kushuka shina la paini ni alama nzuri ya kuufuata huo mstari mpaka ulipoishia.

Hatua ya 4: Piga tawi

Sasa tandika foronya chini ya tawi, uishike kwa mkono mmoja au umpe mtoto ashike pembe mbili. Piga tawi kwa fimbo mara 3, mapigo mafupi ya nguvu. Usianze kuhesabu. Subiri.

Kitambaani kutakuwa na vipande vya sindano, vumbi la chavua, magamba ya gome, na kila kimoja kitaonekana kama mdudu. Baada ya nusu dakika vinavyotembea vinajitenga na visivyotembea. Vijidudu vyembamba vya kijivu vinavyokimbia kuelekea pembeni ya kitambaa ndio unaowatafuta. Utaona pia buibui wadogo, na mbawakavu wa mviringo wenye madoa pamoja na watoto wao wanaofanana na mamba wadogo. Hao wanakula vidukari. Waandike, maana wingi wao unaeleza kama mti una walinzi, na usikimbilie pampu ya dawa kabla hujajua walinzi hao ni wangapi.

Kama unataka kulinganisha shamba na shamba, piga idadi ileile ya mapigo, kwenye idadi ileile ya miti, saa ileile. Vinginevyo hesabu yako ni ya kuhadithia tu.

Hatua ya 5: Sufi nyeupe si ukungu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliaibika. Msimu mzima nilikuwa nikiona vijidoa vyeupe chini ya sindano za chipukizi na kuwaambia watu ni ukungu. Mmoja alinisikiliza akanunua dawa ya ukungu, akapulizia, akarudi baada ya mwezi na vijidoa vilevile, vimeongezeka. Hakunigombeza. Alinionyesha tu risiti.

Fanya hivi. Chukua pini, weka kijidoa chini ya lenzi, uifungue ile sufi polepole kama unavyofungua kifuko cha pamba. Ukungu hauna kitu ndani. Sufi ya Pineus ina mama yake ndani: kijidudu cha mviringo, cha kahawia iliyokolea au chekundu-cheusi, kidogo mno, karibu milimita 1 au pungufu, na pembeni yake mayai kadhaa yamelazwa humohumo. Ukiyaona mayai umepata jibu kubwa. Eulachnus na vidukari wengine halisi huku kwetu huzaa watoto hai. Jike hana haja ya dume, na watoto hutoka wakitembea. Katika nchi za baridi kali, mwaka ukielekea kuisha, hutokea kizazi chenye madume na majike wanaotaga mayai kwenye sindano ili kuvuka majira ya baridi. Pineus na jamaa zake hutaga siku zote. Ndiyo maana nilisema ni binamu.

Wako wengine wanaovaa nyeupe. Kidung'ata ni mkubwa zaidi, mviringo mrefu uliogawanyika pingili pingili, na nta yake hutokeza pembezoni kama pindo la kanga iliyochakaa. Utomvu uliokauka nao huwa mweupe kwenye ncha za chipukizi. Ukwangue kwa kucha na unuse, harufu ya paini itakupasha. Povu la mate linaloning'inia kwenye kitawi lina mdudu kijani laini ndani yake, anaruka akikua, na hahusiki na mada yetu.

Kijivu-buluu cha Eulachnus si sufi. Ni unga mwembamba kama ule ulio juu ya zabibu mbichi, unafutika kwa kidole. Sufi ya Pineus ni nyuzi, inavutika.

Hatua ya 6: Lenzi

Watu wengi hushika lenzi vibaya. Iweke karibu kabisa na jicho, kisha lete mdudu kwenye lenzi mpaka aonekane, usipeleke lenzi kwa mdudu. Kwa kuwa huyu anakimbia, mtie kwenye chupa ndogo, iweke kwenye kivuli au maji ya baridi dakika chache. Atapoa na kutulia.

Anza na umbo: ni mwembamba na mrefu, umechongoka pande zote mbili, au ni mviringo kama tone? Mwembamba ni Eulachnus. Mviringo na mkubwa, milimita 3 na kupanda, mwenye miguu mirefu na nywele nyingi, mshuku Cinara.

Kisha tazama mgongo, karibu na mwisho wa tumbo. Vidukari wa mboga huwa na vijibomba viwili vilivyosimama, virefu, kama mabomba ya moshi ya pikipiki. Kwa Eulachnus hutaviona. Kuna vitundu viwili tu, vyenye ukingo mdogo usioinuka. Kwa Cinara kila kitundu kiko juu ya kichuguu cheusi, kipana, chenye nywele. Pineus hana vitundu wala vichuguu. Alama hii moja ndiyo ninayoiamini kuliko zote zinazoonekana kwa lenzi ya mkono, na ndiyo ninayomwonyesha mtu kwanza akitaka kujifunza.

Papasi za Eulachnus, vile vipembe vya kichwani, zina vipande 6. Kwa Pineus asiye na mabawa ni fupi mno, vipande 3, na kwa lenzi ya mara 10 unaweza usizione kabisa. Mkia wa Eulachnus ni wa mviringo, haujachomoza kama kidole.

Rangi nimeiacha mwisho makusudi. Chini ya ule unga anaweza kuwa kijani cha zeituni, kahawia, rangi ya kutu, au kijivu, na utakuta rangi mbili kwenye mti mmoja. Ukianza na rangi utaandika spishi tatu kwa mdudu mmoja. Mpanguse mgongo kwa brashi yenye unyevu uone rangi ya chini, uiandike, basi.

Kwa msomaji aliyeko Uingereza au Ujerumani na ana paini wa kienyeji wa huko bustanini, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu huko Eulachnus ana ndugu. E. agilis ni kijani kinachong'aa, ana vidoa vyeusi mgongoni na hana unga. E. brevipilosus ni kijani kilichofifia, na nywele zake ni fupi. Tena yupo Schizolachnus pineti, wa kijivu mwenye nta, ambaye hukaa juu ya sindano kwa kupangana mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Mstari huo humtosha kumtofautisha na wetu anayekaa kwa kutawanyika.

Hatua ya 7: Picha kwanza, spiriti baadaye

Spiriti inahifadhi mwili lakini inaondoa unga wa nta na kufifisha rangi. Ukishamtia ndani, ule ushahidi haurudi. Kwa hiyo piga picha akiwa kwenye sindano, nyingine akiwa kitambaani karibu na rula, na uandike rangi yake akiwa hai.

Kisha lowesha ncha ya brashi, mguse, atanata. Mchovye kwenye chupa. Usitumie kibano, utampasua, na usitumie gundi ya karatasi. Ethanoli ya asilimia 70 hadi 80 inafaa. Gongo haifai, hata ukiambiwa ni kali kiasi gani: hujui kiasi cha maji yake, na mdudu ataoza taratibu ukiwa unadhani umemhifadhi.

Chukua 10 hadi 20, na hakikisha wengi ni wakubwa. Watoto hawatambuliki kwa urahisi. Ukipata wenye mabawa, wachukue pia. Chupa moja ni ya mti mmoja, na kama mti mmoja una wadudu wa aina mbili, chupa mbili.

Lebo iingie ndani ya chupa, iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu utayeyuka, na lebo iliyobandikwa nje itabanduka. Yangu huwa hivi:

Mufindi, karibu na Mafinga, mwinuko mita 1,900 hivi. 14 Agosti. Pinus patula, mti wa miaka 6 hivi. Kwenye sindano za zamani, mmoja mmoja, wanakimbia wakiguswa. Wakiwa hai: kijani cheusi, unga wa kijivu-buluu. Hakuna sisimizi.

Weka mwaka pia, na jina la aliyekusanya. Nimeona chupa nzuri zenye wadudu wazima zikitupwa kwa sababu lebo ilisema "paini, Jumanne".

Hatua ya 8: Tazama mti unasemaje, lakini usiuamini peke yake

Paini iliyoliwa na Eulachnus huanza kuwa na madoa ya njano kwenye sindano za zamani, sindano nzima hupauka, kisha huanguka kabla ya wakati. Tawi hubaki na shungi la sindano mpya nchani tu, kama brashi ya chupa. Majimaji matamu hudondoka, na juu yake huota ukungu mweusi unaofanana na masizi ya chungu.

Pineus hupiga chipukizi: ncha hufupika, sindano hudumaa, ncha nyingine hufa.

Na magonjwa yapo. Ule ukungu wa madoa mekundu, Dothistroma, ndio uliofanya Kenya na Tanzania waache kupanda Pinus radiata miaka ya 1960. Alama yake ni mikanda myekundu inayokata sindano kwa upana, na ndani yake vijidoa vyeusi vilivyopasua ngozi ya sindano. Kidukari hachori mikanda. Ukame nao huangusha sindano za zamani, na hata mti wenye afya huacha zile kongwe kila mwaka. Njano bila mdudu kitambaani ni njano tu.

Hatua ya 9: Jina kamili

Kwa lenzi utafika hadi kwenye jenasi, yaani lile jina la kwanza, bila wasiwasi. Kwa kuwa huku kwetu anayejulikana kwenye sindano za paini ni rileyi, unaweza kuandika kwenye daftari lako "Eulachnus, inaelekea ni rileyi", na umetenda haki. Kuthibitisha ni kazi ya hadubini. Maabara huchemsha mdudu kwenye hidroksidi ya potasiamu ili nyama iyeyuke na ganda libaki wazi, humweka kwenye kioo, kisha husoma nywele za mgongoni na miguuni: urefu wake, unene, ncha zake, na kama zimeota kwenye vidoa vyeusi.

Tanzania peleka TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, au Chuo Kikuu cha Sokoine, vyote viko Morogoro. Taasisi kama hiyo kwa Kenya ni KEFRI, Muguga. Uganda ni NaFORRI, Kifu. Piga simu kwanza, uliza wanapokea vipi sampuli, na ubaki na nusu ya wadudu wako. Kitu ambacho hakikukaa sawa, kwa mfano mdudu mwembamba anayekimbia lakini ni kijani kinachong'aa bila unga, usikilazimishe kiingie kwenye jina ulilolizoea. Vidukari wapya wa paini walifika Afrika bila kubisha hodi, na ripoti ya namna hiyo ndiyo inayosubiriwa.

Siku ile ya mfuko wa mkate tulirudi na mzee shambani kwake. Nikatandika foronya, akashika fimbo mwenyewe, akapiga mara 3, vumbi likakimbia, naye akacheka kwa sauti. Kisha akaniita upande wa pili wa mti uleule. Alikuwa ameinama kwenye chipukizi, amevaa lenzi yangu jichoni kama fundi saa, na kwa pini ya nguo alikuwa amefungua kidoa cheupe. "Humu kuna mayai," akasema. "Huyu mwingine naye nimwandikeje?"

Nikampa chupa ya pili.